Watoto wa vidudu walivyotunyang'anya kijiwe

Najua wengine mkifungua ukurasa huu mnatafuta stori za mabrazameni na masista duu, nani kamwacha nani na nani kafumaniwa wapi. Wiki hii naomba mnivumilie. Nina stori ya mchicha. Usicheke kwanza, maana ndani yake kuna damu.

Ilikuwa Februari 2024, mchana wa jua kali la Dar. Mtu mzima nimejilaza geto, kazi sina, feni inazunguka kwa kulalamika. Nikasikia kelele uani. Kutoka nje, namkuta mwalimu wa vidudu kambeba mpwa wangu mgongoni, mguu wa mtoto umefungwa kipande cha kanga, na kanga yenyewe imelowa damu. Mpwa wangu alikuwa na miaka mitano. Alikuwa anafukuzana na wenzake uwanjani, viatu kavua kwa sababu mama yake alishamwonya asivichakaze. Akakanyaga chupa.

Zahanati akashonwa nyuzi tano na sindano ya pepopunda juu yake. Kurudi nyumbani, anko mtu nikaanza kufoka: "Hivi ni mpumbavu gani anavunja chupa kwenye uwanja wa watoto?"

Dada yangu hakujibu. Alinitazama tu. Akanitazama weee, halafu akaenda zake jikoni kubandika uji.

Sasa ngoja nikwambie kwa nini alinitazama vile. Pale vidudu ndipo kilipokuwa kijiwe chetu. Watoto wanatoka saa sita mchana, sisi saa kumi jioni tunaingia. Masela sita wa kidato cha nne, matokeo yetu tusiyazungumzie, tunakaa barazani tunapiga drafti, tunabishana Simba na Yanga mpaka giza. Na chupa zilikuwepo. Zikiisha, hakuna aliyekuwa na habari ya debe la taka. Katikati ya uwanja kulikuwa na kisiki, na ule ulikuwa mchezo wetu: nani anakilenga kisiki kwa chupa tupu kutoka barazani. Mimi nilikuwa bingwa.

Usiku ule sikupata usingizi. Nikawa naisikia ile sauti ya chupa kupasuka, na sisi tukishangilia.

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu. Tatizo ni kwamba mwalimu huyu ndiye aliyenifundisha mimi mwenyewe vidudu, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Ukimwendea mtu aliyewahi kukufuta kamasi, ujanja wote unakuishia mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuangalia kijiwe chenu kama kipo salama?"

Nikameza mate. Nikamwambia nimekuja kusaidia usafi. Akanitoa nje tuangalie wote, na nadhani ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona ule uwanja mchana kwa macho ya mtu mzima. Bembea imebaki vyuma viwili, mbao zilishakuwa kuni. Ukuta wa nyuma umegeuzwa choo cha wapita njia. Kona ya barabarani kuna lundo la taka, na katikati inapita njia ya mkato ya bodaboda. Ardhi imekauka na kushindiliwa mpaka inang'aa kama sakafu. Kivuli hakuna hata cha kukaa kuku. Na pale kwenye kisiki, enzi zetu palikuwa na mkungu. Tulikuwa tunaokota kungu, tunakula lile tunda la juu, halafu tunagonga kokwa kwa jiwe kutafuta kile kijinofu cha ndani. Sijui ulikatwa lini. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, nakaa pale kila jioni na sijui.

Mwalimu akaniambia jambo la pili ambalo lilinimaliza kabisa. Kuna jamaa mwenye mshiko wake anaitaka ile kona ya barabarani aweke sehemu ya kuoshea magari. Kule ofisi ya mtaa wanaona sawa tu, maana eneo lipo wazi, halina kazi.

"Ukitaka kusaidia, saidia," mwalimu akasema. "Lakini usiwafanyie watoto. Fanya nao."

Moyoni nikasema huyu bibi anazeeka vibaya. Watoto arobaini na tatu wa miaka mitano, ukiwapa miche, si wataitafuna?

Kazi ya kwanza haikuwa ya watoto. Kuokota vioo ni kazi ya waliovivunja. Nikawaambia masela, wawili wakanicheka, watatu wakaja. Tukaazima chekeche la mchanga kwa fundi ujenzi, tukachimba ile ardhi ya juu kama nusu futi kila mahali wanapocheza, tukaichekecha yote. Jumamosi mbili mfululizo. Ndipo nilipoielewa kwa mara ya kwanza chekechea. Tulitoa ndoo saba za vioo. Tulitoa vifuniko vya soda, betri, nyembe. Tulitoa mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku Juni 2019, na vipaketi vya viroba, ile pombe kali iliyopigwa marufuku Machi 2017. Imepigwa marufuku juu ya ardhi, chini inaendelea kuishi kama kawaida.

Zilipokwisha ndoo, mimi nilishachora ramani kichwani. Maua mekundu hapa, maua meupe pale, majani mororo katikati, na kibao cha "Usikanyage". Kama ushuani. Mwalimu akaniuliza, "Wataenda kucheza wapi?" Nikakosa jibu. Akaniambia nikae barazani wiki nzima, nisishike jembe, niangalie tu wanakokimbia.

Bwana wee, ukiwaangalia watoto wiki nzima unagundua wana mji wao. Hawakimbii ovyo. Wana barabara yao ya kuzunguka, wanapita kulia mwa kisiki kila siku, hawapiti kushoto. Wana kona ya kujificha nyuma ya tangi. Wana sehemu ya kupikapika, pale kwenye mchanga laini. Kwa hiyo tulichofanya ni kuacha njia zao zote kama zilivyo, mimea tukaiweka pale wasipopita. Ukipanda ua katikati ya barabara ya mtoto, utagombana na mtoto kila siku na ua litakufa vilevile.

Tukawauliza wanataka nini. Wakachora chini kwa vijiti. Hakuna hata mmoja aliyechora waridi. Walichora mti wa kupanda, shimo la tope, nyumba ya kujificha na kuku. Kuku tulimkataa.

Miche nilikwenda kununua kwa mzee mmoja kati ya wale wauza miche wa pembezoni mwa Barabara ya Bagamoyo. Mzazi mmoja alikuwa ametushauri tupande minyaa iwe uzio, haifi, haigharimu kitu. Mzee wa miche akaruka kama kaumwa na siafu. "Kijana, utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni kwa mtoto utamtafuta wapi daktari?" Mbono kaburi nao akaukataa, mbegu zake zina sumu na watoto huzidhania karanga. Akanipa mchaichai. Unashika haraka, unajaza mpaka, na ukiukata unauota tena. Akaniuzia mikungu miwili na mwarobaini mmoja, akanionyesha kwa mkono: shimo futi mbili kwenda chini, futi mbili upana, udongo wa juu changanya na samadi iliyooza, na mti ukae mbali na ukuta.

Ningemsikiliza hapo kwenye "iliyooza" tusingepata hasara. Mimi na ujuaji wangu nilikwenda banda la kuku nikachukua samadi mbichi, bado inanukia. Tukapanda mchicha na watoto, kila mmoja kamwaga mbegu zake, ukaota vizuri tu, baada ya siku kadhaa ukageuka njano na kulala chini wote. Samadi mbichi ya kuku inaunguza. Watoto walinitazama kama dada alivyonitazama.

Mara ya pili tulipanda Aprili, na wewe mwenyewe unakumbuka masika ya 2024, ile mvua ya El Niño iliyoleta mafuriko nchi nzima. Mchicha wetu uliondoka na maji pamoja na ndala za mwalimu. Ila mvua ilitufundisha kitu: tuliona maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Tukachimba mtaro kufuata njia yake, watoto wakapata lile shimo lao la tope bila gharama.

Mara ya tatu ukakubali. Nawashauri wanaotaka kujaribu, anzeni na mchicha. Mtoto wa miaka mitano hana subira ya kungoja mwembe. Mchicha ndani ya wiki tatu au nne unauchuma. Matembele nayo, unachomeka marando tu basi, huhitaji mbegu.

Kukawa na kabinti kamoja ka mabutu ambako kalinipa presha. Kila asubuhi kanakuja, kanang'oa mche wake, kanaangalia mizizi, kanaurudishia. Nikakafokea. Mwalimu akanivuta pembeni. Akakapa kopo la maziwa lenye matundu chini, udongo ndani na punje tatu za maharage. "Hili ni la kufukua. Lile la chini ni la kuacha." Wiki ile ile watoto wote wakataka kopo la kufukua. Nikazunguka mtaa mzima naomba makopo kama chizi. Bustani ya chini ikapona.

Mwalimu ana daftari lake la chuoni, kurasa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Siku moja akanionyesha jina la Mjerumani, Friedrich Fröbel, aliyefungua shule ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Na hakuwa anapiga mafumbo tu. Kwenye mpango wake kila mtoto ana kitalu chake mwenyewe cha kulima, na kingine cha wote pamoja. Kumbe bustani ilikuwepo tangu mwanzo. Kwetu shule ilifika, bustani ikaachwa bandarini.

Maji ndiyo yalikuwa mtihani. Bomba linatoka likijisikia, na ndoo ya kununua haiwezi kunyweshea mchicha. Tukatundika vibuyu chirizi vitatu, lile dumu la lita tano lenye kamba, unakanyaga kijiti chini, linainama, maji yanachirizika mikononi. Tukavitundika juu ya matembele. Watoto wanavyopenda kukanyaga kile kijiti! Mikono inaoshwa hata isiyo na uchafu, na matembele yananenepa tu. Maji ya kusuuzia vikombe vya uji yanakwenda kwenye mikungu.

Fundi pancha alitupa matairi kumi na moja mabovu. Hapa tahadhari: tairi likiwa wazi linashika maji ya mvua, na mbu anayeeneza dengue anapenda hapo kuliko kwake. Dar tulishaonja dengue 2014 na 2019, hatuhitaji kukumbushwa. Sisi tuliyafukia nusu, yamesimama, na kila uwazi tukaushindilia udongo. Yamekuwa treni. Yakafunga pia ile njia ya bodaboda, ingawa jamaa walitutukana wiki mbili.

Basi ilipofika Agosti, Jumamosi moja asubuhi, napigiwa simu: njoo vidudu kuna kasheshe. Nakuta lori limemwaga kokoto kona ya barabarani, nusu ya mchaichai na tuta zima la matembele viko chini. Jamaa wa kuosha magari kaanza kazi. Nikamfuata kwa hasira, na yeye akanijibu kwa upole kabisa, jambo lililoniuma zaidi: "Mdogo wangu, mbona hapa mlikuwa mnakunywa pombe na hamkuona shida?"

Ukaitwa mkutano wa mtaa. Nilijiandaa hotuba, nimeiandika kwenye karatasi. Sikuisoma. Mwenyekiti alisema eneo lile halina matumizi rasmi na mtaa unahitaji mapato. Mwalimu akanyoosha mkono, akasimama.

"Mwenyekiti, naomba uvue viatu utembee mpaka kwenye ule mkungu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akidhani utani. Mwalimu kasimama tu, hacheki. Kimya kikaingia. Basi mzee wa watu akainama, akafungua kamba, akavua na soksi, akaanza kutembea peku, taratibu, kama mtu anayevuka mto. Akafika kwenye mkungu, akageuka, akarudi. Mwalimu akamuuliza, "Umekanyaga nini?" Akasema, "Mchanga." Mwalimu akasema, "Februari mtoto alishonwa nyuzi tano hapo hapo ulipopita." Akakaa.

Mama wa vitumbua akadakia kwamba yeye mchaichai wake wa chai ya asubuhi ananunua pale na hela inakwenda kwenye sukari ya uji, sasa kama ni mapato si hayo? Wazazi wakaanza kupiga kelele. Na tusifichane, uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 27 mwaka ule ule, na wazazi arobaini na tatu ni kura ambazo mwenyekiti anajua kuzihesabu. Akasema suala la kona litaangaliwa upya, kokoto ziondolewe.

Kokoto zilikaa wiki tatu. Mwenye lori alipokuja kuzichukua akakuta zimepungua. Watoto walikuwa wamezibeba kwa makopo yao, moja moja, wakatengeneza barabara ya treni. Alitaka alipwe. Masela tulichanga, tukamlipa, na kwa jinsi barabara ilivyotoka bomba sikuona uchungu hata kidogo.

Usidhani tumeshinda. Mpaka leo naandika haya, ile kona hatuna karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ni ya watoto. Maneno ya mkutano ni maneno. Mwarobaini ulikufa, mbuzi wa jirani aliuchuna ganda. Lundo la taka lilihama mita ishirini tu kwenda mbele. Na kijiwe chetu? Kipo ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la fundi pancha. Jioni tunavuka kwenda kumwagilia, kwa zamu, na anayekosa zamu analipa buku.

Kitu kimoja kilikuwa bado kimenikaa kooni. Desemba ile, mpwa wangu anakaribia kumaliza vidudu, tulikuwa tunamwagilia wawili tu. Akaniuliza kama alivyoniuliza mara nyingi, "Anko, nani alikuwa anavunja zile chupa?" Siku zote nilikuwa namjibu "watu". Siku ile nikamwambia, "Ni mimi. Mimi na wenzangu."

Akaangalia mguu wake, pale penye kovu. Akaniangalia mimi. Akafikiri.

"Basi kesho zamu yangu umwagilie wewe."

"Sawa."

"Na kesho kutwa."

"Sawa."

Sasa yuko shule ya msingi, lakini akitoka lazima apitie pale kukagua mkungu wake, ambao umeshampita urefu. Juzi kaukumbatia shina, kaupima kwa mikono, kaniuliza, "Anko, tulishaupanda. Tutaupanda lini?"

Nikamwambia ukifika la tano. Akasema la tatu. Tukaachana hapo, kila mtu na msimamo wake.